"Huyo bado hajafika huko": mama aanze tiba shufaa sasa au asubiri?

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro, nalifupisha: "Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 58, mwezi wa pili amekutwa na saratani ya mlango wa kizazi, wamesema steji ya tatu. Mionzi ameshaanza. Shida ni usiku, halali kabisa, kiuno kinamuuma mpaka mguuni. Nesi mmoja akanivuta pembeni akaniambia niombe apelekwe tiba shufaa. Nilipomuuliza daktari wake akasema huyo bado hajafika huko, hiyo ni ya wagonjwa walioshindikana. Ndugu nao wamenijia juu, eti nataka kumkatia mama tamaa. Hivi nyie madaktari wenyewe mna msimamo gani kwenye hili? Nimekosea kuuliza?"

Marahaba mwanangu, pole sana na kuuguza. Hujakosea. Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza maumivu na shida nyingine za mgonjwa mwenye ugonjwa mkubwa, basi. Na yule nesi naye hakukosea, ila inaniuma kwamba ilibidi akuvute pembeni kukwambia kitu ambacho kilitakiwa kusemwa mezani mbele ya mama mwenyewe siku ile mliyopewa majibu.

Nianze na kiuno cha mama kabla sijafika kwa madaktari, maana hicho ndo kinachouma saa hizi. Saratani ya mlango wa kizazi ikishasambaa kwenye nyonga inaweza kubana mishipa ya fahamu, ndo unasikia mgonjwa anakwambia kinaanzia kiunoni kinashuka na mguu kama moto. Mionzi itausinyaza huo uvimbe na maumivu yatapungua, sina ubishi na hilo, lakini inachukua wiki kadhaa, na mama hajalala jana, juzi, na leo hatalala. Sasa hizo wiki za katikati nani anazishika? Hapo hasa ndo mahali pa tiba shufaa. Wala haiji kuchukua kiti cha mionzi, inakaa pembeni yake, inahangaika na maumivu, kichefuchefu, harufu, usingizi, hofu, nauli za kwenda kliniki, na yale maswali ambayo mama anajiuliza usiku peke yake hajui amuulize nani.

Tuje kwa daktari wenu. Kichwani ana picha ya zamani, na picha hiyo ina asili yake, hakuitunga yeye. Tiba hii kweli ilianzia kwa watu wanaokufa. Mwaka 1967 daktari Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's kule London kwa ajili ya wagonjwa ambao mahospitali yalikuwa yanawaambia hatuna tena la kufanya, akawapa mofini, ile dawa kali ya maumivu, kwa saa maalum badala ya kungoja mpaka walie, na akafundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yana mwili, yana moyo, yana familia na yana Mungu wake ndani yake. Kazi kubwa mno. Lakini picha iliyobaki kwenye vichwa vya madaktari wengi ni ya kitanda cha mwisho. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha maelezo yake mwaka 2002, likasema wazi kwamba tiba hii ianze mapema kwenye ugonjwa, sambamba na matibabu yanayolenga kurefusha maisha kama kemo na mionzi. Mwaka 2014 nchi wanachama wakapitisha azimio kabisa kwamba iingizwe kwenye mfumo mzima wa afya. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kikaandika kwamba mgonjwa mwenye saratani iliyosogea aonwe na timu ya tiba shufaa ndani ya wiki 8 tangu agundulike. Wiki nane mwanangu! Mama kagundulika mwezi wa pili. Kwa hesabu hiyo nyie ndo mmechelewa, achilia mbali hayo ya bado.

Kwa hiyo msimamo wa madaktari ukiuchukua kwenye makaratasi na mikutano ni mmoja, ianze mapema. Ukienda wodini ukaangalia mafaili unakuta kitu kingine, rufaa zinaandikwa wiki ya mwisho, nyingine siku mbili za mwisho, na wanaoziandika ni walewale waliopiga makofi mkutanoni. Nimekaa sana nikijiuliza kwa nini, na sisemi kama mtu wa nje, nimefanya hivyohivyo mimi mwenyewe.

Zamani kabla sijahamia kazi hii ya tiba shufaa nilikuwa daktari wa wodi, nikawa na mgonjwa wangu mwalimu mstaafu, saratani ya tezi dume imeshaingia kwenye mifupa. Nilimwona miaka mitatu, anakuja na shati lake limepigwa pasi, ananiuliza watoto wangu wanasoma wapi. Mke wake aliniuliza mara mbili kama kuna watu wa kumsaidia maumivu nyumbani, mara zote mbili nikamjibu mama tusubiri kidogo, mzee bado ana nguvu. Alhamisi nikaandika rufaa. Jumapili akafariki, na usiku wake wa mwisho alikuwa analia maumivu nyumbani hawana hata tone la dawa. Mke wake hakunilaumu, alikuja kunisalimia baada ya arobaini. Ile "bado ana nguvu" niliitoa wapi? Niliitoa kwenye kumpenda, sikutaka iwe kweli.

Baadaye ndo nikakutana na utafiti wa Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont wa Chicago, uliotoka mwaka 2000. Waliwauliza madaktari 343 wakadirie wagonjwa wao 468 walioandikishwa hospisi wamebakiza muda gani, halafu wakafuatilia. Makadirio yaliyokaribia ukweli yalikuwa asilimia 20 tu. Asilimia 63 ya makadirio yalitaja muda mrefu kuliko uliokuwepo, na kwa jumla madaktari walizidisha muda kwa wastani wa mara tano na zaidi. Kitu kilichonishika kooni ni hiki, kadiri daktari alivyomjua mgonjwa kwa muda mrefu ndivyo alivyokosea zaidi. Sasa kama mtu anangoja mgonjwa "afike huko" ndo amwandikie, na jicho lake la kupima huko ni hilo, unaona lazima achelewe hata kama ana nia njema. Ndo maana mimi siku hizi siangalii amebakiza muda gani, naangalia anaumwa nini leo. Mama yako halali. Inatosha, huo ni wakati wake.

Jambo lingine ni jina lenyewe. Kule Houston, hospitali ya MD Anderson, waliwauliza madaktari na wahudumu wao wa saratani kuhusu jina la huduma hii, asilimia 57 wakapendelea iitwe huduma ya kumtegemeza mgonjwa, asilimia 19 tu ndo wakataka lile jina la kawaida la Kiingereza, palliative care, walikuwa wanaona linamvunja mgonjwa moyo. Hospitali ikabadilisha jina, wagonjwa wanaoletwa wakaongezeka kwa asilimia 41. Huduma ileile jamani, limebadilika jina tu! Na sisi huku tuna la kwetu, neno shufaa kwa Muislamu wa Tanga au Kondoa moja kwa moja linampeleka kwenye shufaa, yaani maombezi, ya Mtume siku ya kiama, sasa umwambie mgonjwa nakupeleka kwenye tiba shufaa, unadhani yeye amesikia nini? Nimeona mzee mmoja akianza kutaja madeni yake palepale. Mimi nikikutana na mgonjwa mara ya kwanza sianzi na hilo neno, namwambia mimi ni daktari wa maumivu na mambo yote yanayokusumbua wakati unaendelea na matibabu yako. Ananielewa na anarudi.

Sasa ndugu wanaosema unamkatia mama tamaa, hao waambie habari ya Boston. Mwaka 2010 daktari Jennifer Temel na wenzake wa Massachusetts General Hospital walichukua wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, nusu wakaendelea na matibabu ya kawaida, nusu wakapata hayohayo matibabu pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Walioanza mapema maisha yao yalikuwa na nafuu zaidi, sonona ilikuwa kwa asilimia 16 wakati wenzao ni asilimia 38, na wakaishi miezi 11.6 kwa kadirio la kati (nusu yao zaidi ya hapo, nusu pungufu) dhidi ya 8.9. Nikuambie ukweli wote lakini, hilo la kuishi zaidi tafiti nyingine zilizofuata hazikuliona zote, kuna zilizoona na kuna ambazo hazikuona tofauti. Kwa hiyo mimi siwaahidi watu miaka. Kinachojirudia ni nafuu, na wanaopata hii huduma mapema hawafi haraka kwa sababu yake, na hiyo ndo hofu ya ndugu zako.

Na hatuhitaji hata kwenda Boston. Wazee wa kazi hii hapa kwetu wanakumbuka miaka ya kabla ya 2004, kabla ARV hazijaanza kutolewa bure serikalini. Wagonjwa wa ukimwi walikuwa wanahudumiwa majumbani, manesi na watu wa kujitolea wanakwenda na dawa za maumivu, za vidonda vya mdomo, za kuharisha, watu wamebaki mifupa. ARV zilipofika wale waliokuwa wameshikiliwa na hizo huduma wakaanzishiwa, na wengi wao leo wanalima na wamesomesha watoto. Walikuwa kwenye tiba shufaa na walitoka wakaenda zao. Ni mlango unaoingilia na kutokea, hakuna anayekufungia ndani.

Ntakuwa siwatendei haki wenzangu nikiishia hapo, maana wana hoja ambazo mimi nazikubali. Wanasema tukituma kila mwenye saratani siku ya kwanza nyie mtatosha? Hatutoshi, kweli. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, wapo, Selian kule Arusha wapo, Muheza wapo, na hospitali kadhaa za rufaa zina timu ndogo, lakini ukilinganisha na wagonjwa ni tone. Wengine wanasema maumivu tunatibu wenyewe, hatuhitaji mtu wa pili. Nao wakifanya kweli, sawa kabisa, mi sina wivu, daktari wa saratani anayeandika mofini vizuri na kukaa dakika kumi kumsikiliza mgonjwa ameshafanya tiba shufaa ya mwanzo bila kuniita, mimi aniite pale panapogoma. Tatizo ni yule anayesema natibu mwenyewe halafu kwenye faili imeandikwa Panadol tu tangu Februari. Na kuna ninachowalaumu kwa dhati madaktari wa moyo na wa figo, kwa sababu angalau wa saratani wanabishana lini waanze, hawa wengi wala halijawapitia kichwani kama mgonjwa wa moyo uliochoka anayelala amekaa mwaka mzima naye anatuhitaji.

Halafu mofini. Hapa napenda nikae kidogo kwa sababu hata madaktari wengine wanaiogopa, wanadhani ni dawa ya kumalizia. Uganda walitufungulia njia, Anne Merriman alianzisha hospisi Kampala mwaka 1993 na mofini ya maji, unga unachanganywa na maji unakuwa dawa ya kunywa ya bei ndogo, na mwaka 2004 sheria yao ikaruhusu manesi na maafisa tabibu waliosomea kuiandika. Hapa kwetu kwa kawaida daktari ndo mwandishi, na bado kuna mfamasia anamwangalia mtoto wa mgonjwa kama amekuja kununua unga wa vijiweni.

Nilimtembelea mama mmoja Dar, ugonjwa huohuo wa mama yako, nyumba ya kupanga, alikuwa amelalia kiti cha plastiki, yaani anakaa kwa kugeuka, kifua kwenye egemeo, kwa sababu akilala chali au ubavu kiuno kinapasuka. Wiki tatu hivyo. Kwenye mikono alama za kile kiti zilikuwa zimemchoreka. Tukampa binti yake chupa yenye karatasi imebandikwa, na bomba la sindano bila sindano, nikamwonyesha mstari wa kufikia, kila baada ya saa nne, ya kulala anapewa dozi mbili kwa pamoja ili asiamshwe usiku wa manane, pamoja na dawa ya kulainisha choo ambayo usiiache hata siku moja maana mofini inafunga choo mpaka mtu aichukie. Asubuhi saa kumi na mbili simu ikalia. Binti analia, dokta mama alilala kitandani mpaka adhana, nikaogopa nikamwamsha, akanigombeza. Yule mama alimaliza mionzi yake yote. Kabla ya hapo alikuwa anaruka siku, kwa sababu kukaa kwenye daladala asubuhi baada ya kukesha hakuwezi mtu. Hiki kitu wenzangu wanakisahau, mgonjwa aliyelala ndo anayehudhuria matibabu.

Na uteja? Mtu anayetumia mofini kwa maumivu ya saratani kwa dozi aliyopangiwa ni nadra sana kugeuka teja. Atasinzia siku mbili tatu za mwanzo, anaweza kupata kichefuchefu, vinapita. Cha kuangalia kwa mama yako ni figo, kwa sababu uvimbe wa pale unaweza kubana mirija ya mkojo na figo zikichoka mofini inajaa mwilini, kwa hiyo daktari apime damu kwanza ajue dozi. Na kwa sababu hiyohiyo nakuomba zile Diclofenac mnazonunua duka la dawa mziache mpaka daktari aseme, zinaumiza figo. Ule moto wa mguuni mara nyingi unahitaji dawa ya pili ya mishipa, amitriptilini kidogo jioni, nayo inaandikwa na daktari.

Kama mama ana uchafu unaotoka wenye harufu, na najua hukuandika lakini wengi wanaona aibu kuandika, mwambie daktari. Kuna metronidazole, hii Flagyl ya kila siku, ina namna ya kutumika inaondoa harufu ndani ya siku chache. Nimeona kina mama wamejifungia chumbani, hawapokei wageni, wajukuu wanazuiwa kuingia, na watu wanadhani mgonjwa amekata tamaa, kumbe anaona haya tu.

Ndugu zako wataleta pia lile la usimwambie mama. Siwalaumu nao, wanataka kumkinga. Ila mama anapanda gari kwenda mionzi na wagonjwa wenzake, anasoma bango la jengo, anajua. Muulize yeye mwenyewe, taratibu, mkiwa wawili, "mama unapenda madaktari wakwambie kila kitu au wazungumze na mimi?" Jibu lolote atakalotoa liheshimuni.

Sasa ukirudi kliniki usiende kugombania neno shufaa, daktari ataona unambishia na mama ndo atakayebaki katikati. Chukua daftari la mtoto la shule, kuanzia leo andika kila asubuhi: alilala saa ngapi, maumivu kati ya 0 na 10 kwa maneno yake yeye na siyo ya kwako, amepata choo au hajapata, amekula nini. Siku nne tano zinatosha. Mwekee daktari mezani, mwambie, "Dokta shikamoo, mionzi tunaendelea nayo yote mpaka mwisho, ila mama halali, tunaomba dawa yenye nguvu ya maumivu, na kama hapa kuna daktari au nesi wa maumivu tunaomba amwone wakati mionzi inaendelea." Hayo maneno "wakati mionzi inaendelea" yaseme mara mbili, kwa sababu ndo yanamtoa kwenye ile picha ya kitanda cha mwisho. Daktari anayeona namba 8 imeandikwa siku tano mfululizo kwa mkono wa mtoto wa mgonjwa, mara nyingi kalamu inamjia yenyewe. Akikataa bado, rudi kwa yule nesi wako, muulize timu inakaa jengo gani na siku zao ni zipi, kuna sehemu wanapokea mgonjwa hata akija na kadi yake ya kliniki tu, na muombe namba ya simu ya kupiga usiku.

Akianza kutoka damu nyingi, au mkojo ukikata siku nzima, au miguu ikaishiwa nguvu ghafla, au akiwa kwenye mofini mkamwita na kumtikisa hashtuki, hapo usisubiri tarehe ya kliniki wala usiniandikie mimi, mchukueni hospitali muda huohuo.

Msalimie mama. Mwambie kuna daktari ameuliza kuhusu kiuno chake.